Kompyuta Sita na Madirisha Yasiyofunguka

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Zimefika. Sita! Kompyuta za kukunja, zile ambazo wakubwa huweka mapajani wakiwa safarini. Bujiku, dalali wa dhahabu wa Nyarugusu, amezishusha mwenyewe mlangoni kwangu zikiwa zimefungwa kwenye gunia la pamba. Anasema wapima miamba waliofunga kambi yao kule Geita walimwachia. Sikuuliza kwa nini. Mfanyabiashara hodari haulizi maswali mengi.

Nimempa pikipiki. Tumeshikana mikono, akaiwasha, akaondoka. Vumbi lilipotulia nikamwita mke wangu Zuwena aje aone maisha yetu mapya.

Zuwena alitoka uani na ungo wa mchele mkononi. Akazitazama kompyuta. Akauliza pikipiki iko wapi. Nikamweleza. Akauliza vitenge vyake vitafikaje mnadani Mhunze, maana vilikuwa vinafika kwa pikipiki hiyo. Nikamjibu kwamba mke wa mkurugenzi wa chuo hauzi vitenge mnadani. Akarudi kwenye mchele. Kaupeta mchele ule kwa nguvu kuliko unavyostahili.

Mpango wangu ni huu. Chumba cha mbele, kilichokuwa duka, kinakuwa chuo. Ubao umeshaandikwa: CHUO CHA KOMPYUTA CHA KIMATAIFA. Mchoraji aliishiwa na nafasi, kwa hiyo sasa unasomeka KIMATAI. Ameahidi kuja kubana herufi.

Jioni nimeziwasha. Betri zimekufa zote, lakini kwa waya wa ukutani zinawaka. Kioo cheusi. Herufi C, nukta mbili, mshale. Basi! Nimebonyeza kila kitu. Zote sita zinasema C.

Nimetapeliwa.


Jumanne, 5 Agosti

Sijatapeliwa, kwa mujibu wa Mama Rushabh.

Mama Rushabh ni Lataben, mjane mwenye duka la karatasi na riboni za taipureta karibu na stendi. Ndiye mtu wa kwanza mjini hapa kuweka kompyuta dukani, na hajawahi kuacha mtu asahau. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku macho yakiwa kwenye kalamu anazozihesabu. Nikamwekea kompyuta moja juu ya meza.

Akaiwasha. Akaandika maneno mawili, ikatii. Akaniambia haina ugonjwa wowote. Kile kioo cheusi kinaitwa DOS, ndiyo programu inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine. Bila hiyo kompyuta ni sinia. Akasema mashine hizi ni wazee, kumbukumbu yao ni megabaiti nne tu, na kwa wazee wa namna hiyo DOS inatosha kabisa. Atanipa na programu ya kuchapia barua, inaenea kwenye disketi moja, naweza kuitia mfuko wa shati.

Nikamuuliza kuhusu Windows. Ile yenye mawingu na vipicha vya rangi.

Hapo akaacha kuhesabu kalamu. Akasema Windows ni nzuri sana, kwa mashine yenye kifua cha kuibeba. "Mashine yako ni debe, Majaliwa. Wewe unataka kupakia gunia ndani ya debe."

Nimeshukuru nikaondoka. Anajua kalamu, huyu mama. Biashara ya elimu haijui. Nani atalipa ada kuja kutazama herufi C?

Kabla ya kuingia nyumbani nimepita mbele ya chuo cha Onesmo, upande wa pili wa barabara yetu. Kusudi hasa. Onesmo tulifundisha naye shule moja, tukaacha kazi mwaka mmoja, na tangu hapo kila ninachoanza anakianza yeye kwa mbwembwe zaidi. Ana taipureta kumi na mbili, na tangu Juni ana kompyuta moja mpya ya mezani, ameiweka dirishani na kuifunika kitambaa cha kufuma. Akiona watu wamekusanyika, anafunua. Rangi! Bluu, kijani, nyekundu. Watu wanaguna. Anafunika.

Aliniona. Akauliza kwa sauti kubwa hali ya Mkurugenzi wa Kimatai.


Jumatano, 6 Agosti

Habari kubwa. Sista Paskazia, mkuu wa chuo cha ufundi cha wasichana kule misheni, anatafuta mahali pa kuwafundishia wasichana wake kompyuta. Darasa zima, kila muhula. Jumamosi ya wiki ijayo atatembelea kwa Onesmo, kisha kwangu, halafu atachagua. Ameniletea ujumbe kupitia mwalimu wake, Generosa, dada mpole anayetazama chini akiongea.

Nikipata darasa hilo, chuo kimesimama. Zuwena atanunua pikipiki mbili. Nikilikosa, nina gunia la pamba lenye masinia sita.

Nimemweleza Zuwena. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu amekaa chini akanisikiliza. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika cha pamba mpaka walipopunguza watu, na mambo ya herufi anayajua. Akasema hiyo ni riziki. Akasema niende kwa Mama Rushabh nikachukue ile disketi ya kuchapia barua, wasichana waandike barua, mambo yaishe.

Wanawake hawa wanafikiri Sista anakuja kuangalia barua. Anakuja kuangalia rangi.

Nimekwenda kwa Vinod, fundi wa redio na muuza kaseti. Ana Windows 95 yote kwenye rundo la disketi zilizofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Amekubali kuniazima. Aliniuliza mashine zangu zina ukubwa gani. Nikamwambia ukubwa wa kawaida.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimeanza na kompyuta ya kwanza baada ya chai. Unaingiza disketi, inaguna, inatema, unaingiza nyingine. Kama kumlisha mtoto asiyetaka uji.

Katikati ya safari imeandika kwamba hakuna nafasi. Nimechungulia ndani. Kumejaa vitu vya wale wapima miamba na vitu vingine vingi nisivyovijua. Nimefuta vyote nisivyovijua. Nisivyovijua vilikuwa vingi.

Nafasi ikapatikana.

Disketi moja ilikataa kusomeka. Nimeipuliza, nimeifuta kwa pindo la kanzu, nimeisomea Bismillahi. Ikasomeka. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikanikuta na disketi ya mwisho.

Na imefunguka! Mawingu! Mawingu halisi ya Windows kwenye kioo cha Majaliwa!

Ila ni ya kijivu.

Nimegeuza kitufe cha mwanga huku na huku. Nimefuta kioo. Nimemwita binti yetu Kausar anisaidie kuona, macho yake ni mapya. Amesema anaona kijivu. Kumbe vioo vya kompyuta hizi havikuumbwa na rangi. Mbingu ya kijivu, mawingu ya kijivu. Kama Mwanza kukiwa na mvua.

Si hoja. Rangi siyo kila kitu.


Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nanenane. Onesmo ameipeleka kompyuta yake kwenye maonyesho ya wakulima, ameiweka kati ya fahali na marobota ya pamba. Nasikia watu walipanga mstari. Nasikia fahali alipata watu wachache.

Mimi nimebaki nyumbani kuijaribu Windows yangu. Nikaiwasha asubuhi. Mawingu yakatokea. Zuwena akainjika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Mawingu. Michembe ikaiva, akaitia karanga, tukala, Kausar akaosha vyombo. Mawingu bado. Nikaenda msikitini, hotuba ya leo haikuwa fupi. Niliporudi imefunguka, na picha ya saa ya mchanga inazunguka katikati ya kioo.

Nikataka kumfurahisha Zuwena. Nikafungua mahali pa kuandikia, nikamwita, nikapiga jina lake herufi moja moja mbele ya macho yake. Hakikutokea kitu. Tukatazama. Akasema ana shughuli. Alipofika sokoni ndipo ilipotokea Z.

Mama Rushabh alipita jioni akielekea hekaluni. Alichungulia mlangoni, akaona ile saa ya mchanga, akaniuliza kama alisema au hakusema. Nikamwambia mashine hii moja ndiyo yenye kasoro, imechoshwa na barabara ya Geita.

Njia ya kuhakikisha ni moja tu. Nitaiweka Windows kwenye nyingine tatu.


Jumapili, 10 Agosti

Siyo barabara ya Geita. Zote nne ziko vile vile.

Sasa nina nne zenye mawingu na mbili zenye herufi C.

Lakini usiku hauna budi kucha. Rushabh, mtoto wa Lataben, yuko mjini! Ni mtu mzima na familia yake, anashughulika na kompyuta katika kiwanda cha samaki Mwanza, amekuja kumwona mama yake. Nimemvizia nje ya duka. Nikamweleza shida yangu kwa jumla, bila kutaja idadi.

Akasema lipo jambo la tatu. Linaitwa Linux. Wameitengeneza watu wa nchi mbalimbali kwa kusaidiana, wanagawa bure, na ukiiweka bila madirisha ni nyepesi hata kwa mashine za kizee. Anazo disketi zake kwenye mkoba.

Bure! Watu wa nchi mbalimbali! Ndiyo kimataifa yenyewe hiyo.

Rushabh akaongeza maneno mengine. Kwamba nayo ina kioo cheusi. Kwamba inataka mtu aisome polepole, kwa wiki kadhaa, na kwamba kwa wasichana wanaohitaji barua tu, yeye angefuata ushauri wa mama yake. Nilimwacha amalize. Kisha nikaomba disketi.

Nimeiweka kwenye kompyuta ya tano. Imeuliza maswali mengi, mengine mazito kabisa, nimejibu ndiyo kwa yote. Mwishoni ikaniomba neno la siri. Hapo nikafurahi. Windows ya Onesmo mtu yeyote anaifunua kwa kuondoa kitambaa tu. Ya kwangu ina kufuli. Nikachagua neno ambalo Onesmo hatalibuni hata akipewa mwaka.


Jumatatu, 11 Agosti

Nimelisahau.


Jumanne, 12 Agosti

Nimejaribu jina la marehemu baba. Nimejaribu Ujiji alikozaliwa. Nimejaribu Kimatai, kwa uchungu. Nimejaribu majina ya timu, ya mito, ya maradhi. Mashine inakataa kwa adabu, inaniuliza tena mimi ni nani. Kufikia mchana hata mimi sikuwa na uhakika.

Zuwena akaja kusimama nyuma yangu. Akauliza natafuta nini. Nikasema neno la siri, neno ambalo mtu huchagua kwa kuwa liko karibu na moyo wake. Akauliza kama nimejaribu jina lake.

Sikuwa nimelifikiria.

Nikalijaribu haraka. Likakataliwa. Sijui kipi kilimuudhi zaidi. Ugali wa leo umekuja bila mboga.

Rushabh amesharudi Mwanza. Kutoka upande wa pili wa barabara, Onesmo anawaambia watu kwamba kwangu siyo chuo, ni mochwari ya kompyuta, na mimi ndiye mlinzi. Kaja mpaka mlangoni kuniuliza kama nahitaji mablanketi. Nimemwambia hali yake itajulikana Jumamosi. Hakuonekana kuogopa.


Jumatano, 13 Agosti

Leo sitaandika mzaha.

Zuwena alikwenda mnadani Mhunze. Kwa kuwa hakuna pikipiki, alipanda lori la mbuzi alfajiri na furushi lake la vitenge. Amefika mnada umeshachangamka. Mahali pake, chini ya kile kibanda cha bati alipouzia miaka yote, alimkuta Mbuke, muuza mitumba, ametandika. Zuwena akatandika vitenge vyake pembeni, juani, njia ya ng'ombe. Amerudi na karibu furushi lote, na vumbi mpaka kwenye kope.

Nilimletea maji ya kunawa. Akanawa taratibu. Nilidhani atanigombeza, nikajiandaa. Hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda akasema kwa sauti ya chini:

"Baba Kausar, mimi na kompyuta hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni wewe. Ukikuta kitu kinafanya kazi, hutulii mpaka umekitengeneza."

Nikamwambia Jumamosi yote yatakuwa sawa. Akauliza sawa kwa mashine ipi. Iko moja tu iliyobaki kama alivyoileta Bujiku. Akainuka, akaichukua hiyo ya sita, akaifunga kwenye kitenge, akatoka nayo. Nilipomuuliza anaipeleka wapi akasema mahali ambapo mikono yangu haifiki.

Kampelekea Mama Rushabh. Nimejua kwa sababu nilimfuata. Nimewaona kupitia mlango wa duka, Zuwena amekaa kwenye kompyuta, vidole vinakimbia kama zamani ofisini kwao pale ushirika, na Mama Rushabh amesimama kando akitikisa kichwa kwa furaha. Sijawahi kumwona yule mama akifurahi. Sikujua kwamba uso wake unaweza.

Nimerudi nyumbani. Nimekaa na zile tano. Nimejisikia mdogo.

Halafu nikapata wazo kuhusu rangi.


Alhamisi, 14 Agosti

Karatasi za nailoni za kufungia maua ya harusi! Zinapenyeza mwanga. Nimepata za bluu na za kijani kwa Vinod. Nimekata, nimebandika kwa gundi kwenye kioo cha kompyuta moja, bluu juu, kijani chini. Mbingu na majani. Ukikaa mbali kidogo, ukifumba jicho moja, ni rangi tupu.

Zuwena ameingia, akatazama, akatoka.

Baadaye akarudi na Mama Rushabh. Walikuwa wameshaafikiana jambo. Watu wakiafikiana huingia mlangoni kwa pamoja. Mama Rushabh amekuja na disketi zake za DOS na ile ya kuchapia barua. Amesema atazirudisha mashine zote katika hali yake, bure, kwa heshima ya Mama Kausar. Ana sharti moja. Mimi nisiwe chumbani.

Nilikataa. Mtu hawezi kufukuzwa kwenye chuo chake. Nikaeleza habari za heshima, za Onesmo, za rangi, za nyakati zinazokuja. Wakanisikiliza mpaka mwisho, kisha Mama Rushabh akavuta kiti akakaa mbele ya kompyuta ya kwanza, na Zuwena akanifungulia mlango.

Nimeshinda kwenye kibaraza cha fundi viatu. Lakini sikuwa mjinga. Kabla ya kutoka nilichukua ile yenye mbingu na majani, nikaificha chini ya koti.


Ijumaa, 15 Agosti

Wamemaliza. Nne zinazosema C pamoja na ile ya sita, jumla tano, zimepangwa juu ya meza, zinawaka na kuzimika kama kibiriti. Hata ile iliyokuwa na neno la siri imefutwa na kuanzishwa upya. Nimeuliza kama iliwasumbua. Mama Rushabh akasema haikuuliza chochote, disketi yake ndiyo iliyotangulia kuamka. Sikulijua hilo. Siku mbili nimehangaika na majina ya mito!

Wamegundua moja haipo. Zuwena hakuuliza iko wapi. Alisema tu kwamba nifanye nitakavyo, lakini meza hii nisiisogelee.

Sawa. Wao na meza yao ya herufi C. Mimi nitampokea Sista mlangoni na mbingu na majani. Nimeshapanga kila kitu. Windows huchelewa kufunguka? Nitaiwasha baada ya sala ya alfajiri. Sista akifika itakuwa imeamka, imenawa uso, inamsubiri.


Jumamosi, 16 Agosti

Niandike kwa mpangilio, ingawa mkono hautaki.

Alfajiri niliiwasha. Sista alipoingia kwa Onesmo, upande wa pili, mawingu yangu yalikuwa yameshapita na mambo yalikuwa tayari. Niliwatazama kupitia dirishani. Onesmo akafunua kitambaa. Rangi. Sista akamwambia Generosa akae ajaribu. Onesmo akajiweka katikati. Nasikia alisema vidole vina mafuta, na kwamba wanafunzi wake hujifunza kwanza kwa kutazama. Sista akauliza watatazama kwa muda gani. Onesmo akasema mwaka wa kwanza.

Nilicheka. Ndipo umeme ukakatika mji mzima.

Ulirudi mara moja, kama mtu aliyeteleza na kusimama. Lakini mashine yangu haina betri. Mawingu yakaanza upya, na Sista alikuwa anavuka barabara.

Nimempokea kwa shikamoo na tabasamu. Nikamwelekeza moja kwa moja kwenye kompyuta yangu, nimeiweka kwenye kona, juu ya stuli yenye kitambaa cheupe. Akatazama. Nikamweleza kuhusu mawingu. Akauliza baada ya mawingu kunatokea nini. Nikasema mambo mengi sana. Tukasubiri. Nikamweleza tena kuhusu mawingu, kwa upana zaidi. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia dirishani, likaanza kuipasha ile gundi. Majani yakateleza kidogo. Kisha mbingu ikajikunja pembeni na kuanguka sakafuni mbele ya viatu vya Sista.

Akaiokota. Akaitazama, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama vile imeanguka leso yangu.

Hapo akasikia sauti nyuma yake. Tik, tik, tik. Generosa alikuwa ameshakaa mezani. Zuwena kamwonyesha namna ya kuanza, na yule dada mpole alikuwa anaandika tangazo la misheni, macho kwenye kioo, mgongo umenyooka. Sikuwahi kumwona akitazama mbele. Mama Rushabh alikuwa ameleta printa yake, ile yenye kelele kama mashine ya kukoboa. Ikakoboa. Tangazo likatoka. Generosa akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akamwangalia Sista, akacheka kwa sauti.

Sista akaniacha kwenye kona yangu. Akakaa yeye mwenyewe kwenye mashine ya pili. Akazima, akawasha, ikaamka hapo hapo. Akaizima tena na kuiwasha tena, nadhani alikuwa anafurahia. Akauliza kama ina michezo ya karata, kwa maana wasichana wake walipelekwa mahali fulani mwaka jana wakarudi wanajua karata tu. Mama Rushabh akamhakikishia haina mchezo hata mmoja. Sista akasema amepata alichokitafuta.

Kisha akauliza mwalimu ni nani. Nilifungua mdomo.

"Ni Mama Kausar," alisema Mama Rushabh.

Zuwena alitazama chini. Kisha akatazama juu, akamwambia Sista yuko tayari kuanza Jumatatu, kama wanafunzi wataruhusiwa kugusa mashine tangu siku ya kwanza. Wakapeana mikono. Darasa zima, kila muhula. Sista alipofika mlangoni alinigeukia, mkarimu kabisa, akasema neno moja alilotaka nilikumbuke. Anazitaka hizi hizi, zilivyo, mtu asizitengeneze.

Nimekubali. Nani asiyekubali?

Zuwena ameamua kazi zangu katika chuo. Natunza funguo, nafagia, nafungua asubuhi na kufunga jioni. Cheo changu kinabaki Mkurugenzi. Usiku huu ugali umekuja na samaki sato mzima, na Zuwena akaimba akiosha vyombo, jambo ambalo sijalisikia tangu ushirika ulipompunguza.

Nimefurahi. Nakiri. Nilikosea kuhusu debe na gunia. Mashine ya kizee ipewe mzigo wake. Nimeliandika hapa ili nisilisahau.


Jumapili, 24 Agosti

Wiki ya kwanza imekwenda vizuri kupita kiasi. Wasichana wanakuja kabla sijafungua. Wanaandika barua za maombi ya kazi, wanaandika majina yao kwa herufi kubwa, wanaandika mapishi. Hakuna kilichoharibika. Nimefagia. Nimefungua, nimefunga. Nimefagia tena.

Mkurugenzi hawezi kufagia tu.

Leo stendi nimekutana na mtu wa maana. Anaitwa Abdulwahab, mfanyabiashara wa dagaa wa Chato, mtu wa ibada, mwenye miwani. Amesafiri sana. Tumekunywa kahawa. Anasema mambo ya kuandika kwa vidole yanakwisha. Kuna programu mpya, mtu unaongea na kompyuta inaandika yenyewe. Unasema, inaandika! Nikamuuliza Kiswahili inakielewa. Akasema vizuri sana, na Kisukuma inakwenda kidogo kidogo. Ameshuhudia mwenyewe, au amemshuhudia aliyeshuhudia.

Nikamwambia mashine zetu ni wazee. Mimi sasa ni mtu mwenye uzoefu, siingii kichwa kichwa. Nikamuuliza moja kwa moja kama ni nzito. Akainyanyua kwa mkono mmoja anionyeshe. Disketi tano tu, zimefungwa kwa utepe mwekundu. Nyepesi kabisa.

Hataki chochote kikubwa. Ameridhika na cherehani ambayo Zuwena alikuwa akipindia vitenge vyake, iliyokaa bure chumbani tangu aanze kufundisha.

Hebu fikiria Sista akirudi mwisho wa muhula na kukuta wasichana wamekaa mikono mapajani, wanaongea tu, na barua zinajiandika. Onesmo atafunika uso kwa kile kitambaa chake.

Sitaziweka zote. Nimejifunza. Nitajaribu kwenye moja, na ikigoma, nitajaribu kwenye ya pili kuhakikisha.

Kesho hakuna masomo. Mama Rushabh ana sikukuu yao hekaluni, na Zuwena anapanda basi la alfajiri kwenda Kahama kumtazama dada yake mgonjwa, atarudi jioni. Nimemfungia chakula cha njiani. Ameguswa sana, akauliza nimepatwa na nini.

Funguo ninazo mimi.